Mikutano ya Alcoholics Anonymous: tathmini kwa familia za waumini

Familia zinazotafuta msaada kwa jamaa yao aliyezama katika ulevi huniuliza kwanza kama mwamini anaweza kuhudhuria mikutano ya Alcoholics Anonymous bila kuiweka kando imani yake. Ni swali halali, na linastahili kujibiwa na mtu aliyeketi ndani ya mikutano hiyo badala ya kuachiwa uvumi. Mimi ni mzee wa kanisa jijini Nairobi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imekuwa kuwasindikiza waumini na jamaa zao kwenye mikutano ya wazi, yaani ile ambayo hata mtu asiye mraibu wa pombe anaruhusiwa kuketi na kusikiliza. Jibu langu ni kwamba anaweza, na zaidi ya hapo, huenda huko ndiko atakakofundishwa kwa vitendo jambo alilolisikia likihubiriwa tangu utotoni, la kumtumaini Bwana kwa moyo wote na kutozitegemea akili zake mwenyewe, kama Mithali 3:5 inavyoagiza. Huduma hii ina mipaka, tena mingine ni mikubwa, lakini katika jambo hili moja sijaona inayoipita.

Kwa asiyeifahamu, Alcoholics Anonymous si hospitali wala kituo cha kulaza wagonjwa. Ni ushirika wa watu wanaotaka kuacha pombe, wanaokutana kwa muda wa saa moja hivi, mara nyingi jioni, katika kumbi za kukodi ambazo nyingi ni za makanisa. Sharti la uanachama ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna ada, hakuna anayeuliza kitambulisho, na jina linalotajwa ni la kwanza peke yake. Hapa Kenya, ambako vituo vya binafsi vya kurekebisha waraibu hutoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi na familia huuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumlaza kijana wao, huduma isiyodai chochote mlangoni si jambo dogo. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi na majani ya chai, na mgeni huambiwa waziwazi kwamba halazimiki kutoa. Kikundi ninachokifahamu zaidi sitakitaja, kwa kuwa kutotajwa ni msingi wa ushirika huu. Yale machache nitakayoyasimulia kutoka ndani yake ninayasimulia kwa ruhusa ya wahusika, nami nimeondoa yanayoweza kuwatambulisha.

Viti vya plastiki hupangwa mviringo, na kwenye meza ya pembeni huwekwa birika kubwa la chai ya maziwa pamoja na bakuli la sukari ambalo halikai kujaa, kwa sababu wengi walioacha pombe karibuni hutamani sana vitu vitamu. Mwenyekiti wa siku husoma utangulizi, kisha mtu mmoja husimulia alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Wengine hufuata kwa zamu. Hakuna anayemkatiza mwenzake, hakuna anayemjibu, hakuna anayemhubiria. Kwa mtu aliyezoea ibada zetu, ambako ushuhuda hupigiwa makofi na mchungaji huufunga kwa mafundisho, utaratibu huu huonekana mwanzoni kana kwamba umepungukiwa na kitu. Kwa maoni yangu huo ndio ubora wake mkubwa, kwa kuwa mahali ambapo hakuna wa kumsifu wala wa kumshinda kwa hoja, mtu hukosa sababu ya kujipamba, na baada ya muda husema ukweli.

Programu yenyewe ina hatua 12, na uzito wa huduma nzima umo katika ile ya kwanza, inayomtaka mtu akiri kwamba hana uwezo juu ya pombe na kwamba kuyaendesha maisha yake kumemshinda. Hapa ndipo inapoachana na njia zetu za kawaida. Tumelelewa kwa methali ya penye nia pana njia, na mlevi anapofikishwa mbele ya mkewe, au wazee wa ukoo, au mchungaji, anachodaiwa ni nia: aape. Huitwa mbele ya madhabahu, huwekewa mikono, huapa kwa Biblia kwamba hatagusa tena, na kusanyiko huimba. Nimesimama katika ibada za namna hiyo, na sina shaka na machozi ya walioapa. Hata hivyo, tuangalie kilichotendeka pale. Mtu ambaye nia yake ndiyo iliyovunjika ametakiwa kutoa ahadi ya maisha yote inayosimama juu ya nia ile ile, na jina la Mungu limeitwa liwe shahidi wa nguvu ambazo mtu huyo hana. Akianguka juma linalofuata ana madeni mawili, la pombe na la kiapo, na hatakuja kanisani kusema, kwa kuwa kanisa ndilo lililoshuhudia. Petro naye aliahidi kwa moyo mweupe kwamba hata wote wakichukizwa yeye hatachukizwa kamwe, na kabla ya jogoo kuwika alikuwa amekwisha kumkana Bwana wake mara tatu.

Hatua ya kwanza haidai kiapo. Inadai ungamo la kushindwa, na hilo ni gumu kuliko kiapo, hasa kwa mwanamume aliyefundishwa kwamba kichwa cha nyumba hakishindwi. Nimeona watu wakikaa miezi mingi katika mikutano wakizunguka sentensi hiyo moja: wakikubali kwamba wanakunywa sana, kwamba kazi imepotea, kwamba watoto wanawaogopa, ila bado wanaamini kwamba wakipata kazi nyingine, au wakihama mtaa, au wakiacha pombe kali na kubaki na bia, mambo watayaweka sawa wenyewe. Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, anaandika kwamba kule Asia walielemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi, na kwamba hayo yalitukia ili wasijitumainie nafsi zao bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Nimehubiriwa andiko hilo mara nyingi, lakini sijui mahali panapolifuata kwa mpangilio wake, kwanza mwisho wa nguvu zetu, kisha tumaini, kama wanavyolifuata watu hawa ambao wengi wao hawajui hata limeandikwa wapi.

Mpangilio huo haukubuniwa mezani. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa huko New York, alikunywa kwa mara ya mwisho mnamo Desemba 1934 na kulazwa katika hospitali ya Towns chini ya daktari William Silkworth. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametembelewa na rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, mlevi mwenzake, aliyemshangaza kwa kukataa glasi na kueleza kwamba amepata dini. Kwa miezi iliyofuata Wilson alihangaika kuwaokoa walevi wengine, wala hakumpata hata mmoja aliyeacha. Mei 1935 alikuwa Akron, Ohio, mpango wake wa biashara umeanguka, peke yake katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, upande mmoja baa iliyojaa watu na upande wa pili simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaiendea simu. Kupitia kwa mchungaji mmoja alielekezwa kwa mama aliyeitwa Henrietta Seiberling, na kupitia kwa mama huyo akakutana na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekubali kumpa dakika 15 tu; wakazungumza kwa saa kadhaa. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa ushirika.

Katika habari hiyo, jambo linalonigusa zaidi ni hali ya Smith kabla ya kukutana na Wilson. Hakuwa mtu asiye na dini. Alikuwa amehudhuria mikutano ya Oxford Group, kundi la Kikristo la uamsho, kwa zaidi ya miaka miwili, akisali na kuisoma Biblia, na bado alikuwa analewa. Alichokosa ni mtu ambaye angeweza kumfunulia kushindwa kwake bila kuogopa, mtu aliyeshindwa vile vile. Waumini wanaoniambia kwamba anayemtumaini Mungu kweli hahitaji kuketi mviringo na walevi wenzake hujibiwa na habari hii. Kujitegemea kuna ujanja mwingi, na mmoja wao ni kusema "mimi na Mungu wangu tu", maneno ambayo mara nyingi humaanisha kwamba hakuna binadamu atakayeruhusiwa kuona hali ilivyo. Yakobo aliagiza tuungamiane dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana, akataja na kupona papo hapo.

Thacher naye alikuwa ameletwa kwenye njia hiyo na watu wa Oxford Group, mmoja wao Mmarekani aliyeitwa Rowland Hazard, ambaye aliwahi kutibiwa na Carl Jung, tabibu mashuhuri wa nafsi wa Uswisi. Jung alimwambia Hazard waziwazi kwamba tiba yake haina zaidi la kumpa, na kwamba tumaini lililobaki ni kuguswa na Mungu. Mwaka 1961 Wilson alimwandikia Jung kumshukuru, na Jung akajibu kwamba aliiona kiu ya mgonjwa yule kuwa, kwa ngazi ya chini, kiu ya roho inayotafuta kuunganishwa na Mungu, akaelekeza kwenye Zaburi ya 42, ile ya ayala anayeionea shauku mito ya maji. Ninaitaja barua hiyo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mambo ya Mungu yaliongezwa katika programu hii ili kuwapendeza watu wa kanisa. Yalikuwepo tangu mwanzo, na daktari aliyekiri mwisho wa uwezo wake ni mmoja wa walioyafungulia mlango.

Sasa nije kwenye pingamizi kubwa la wachungaji. Hatua ya pili inazungumzia nguvu iliyo kuu kuliko sisi, na ya tatu inamtaka mtu ayakabidhi mapenzi yake na maisha yake kwa Mungu "kama tulivyomfahamu". Maneno hayo ya mwisho yalitiwa wakati kitabu chao cha msingi kilipokuwa kikiandikwa, kabla ya kuchapishwa mwaka 1939, kwa sababu baadhi ya wanachama wa mwanzo hawakuamini kwamba Mungu yupo na hawakutaka mlango ufungwe mbele ya watu kama wao. Matokeo yake ni kwamba mkutanoni utamsikia mmoja akimtaja Yesu Kristo, mwingine akisema Mwenyezi Mungu, na mwingine akisema tu kwamba nguvu yake ni kikundi kilichomzunguka.

Hukumu yangu hapa ina pande mbili. Mlango ulio wazi kiasi hicho umewaingiza watu ambao kanisa lilikwisha kuwapoteza, wakiwemo waliofukuzwa kwa aibu na waliotapeliwa na wahubiri wa miujiza, na nimewaona baadhi yao wakirudi ibadani polepole bila mtu kuwavuta. Hilo namshukuru Mungu kwalo. Upande wa pili ni kwamba huduma hii humfundisha mtu kuegemea, lakini haimwambii anamwegemea nani. Mungu ambaye mtu amejitungia kwa kadiri ya mapendeleo yake ni yeye mwenyewe kwa jina jingine, na anayemtegemea mungu wa namna hiyo anaweza kukaa miaka bila kunywa huku bado anajitegemea. Kwa hiyo ninapompeleka muumini huko humwambia mapema kwamba mikutano haichukui nafasi ya Neno, sakramenti na ushirika wa watakatifu. Wanachama wakongwe husema hivyo hivyo. Ushirika wao haujawahi kujiita kanisa.

Waislamu waliomo katika vikundi vya jijini hawaoni ugumu mkubwa kuliko wetu. Kule Zanzibar, nyumba za upataji nafuu zinazowapokea vijana waliotekwa na heroini zinatumia hatua 12 kwa muundo wa Narcotics Anonymous, ushirika ndugu ulioanzia California mwaka 1953, na wengi wa wakazi wake ni Waislamu wanaoendelea na sala zao tano. Kwao kutawakali, yaani kumwachia Mungu mambo kwa kumtegemea, ni mafundisho ya tangu madrasa, pamoja na ile hadithi ya mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali. Ufahamu huo wa kwamba kumtegemea Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kutenda unalingana kabisa na hatua zinazofuata.

Hatua hizo ndizo sehemu ambayo familia huijua kwa uchache, nami ningependa iangaliwe kwa karibu. Katika hatua ya nne mtu huandika hesabu ya maisha yake. Niliwahi kuonyeshwa daftari la seremala mmoja, daftari la kawaida la shule lenye kurasa 96, alilolipiga mistari kwa rula na kalamu ya useremala. Safu ya kwanza aliandika majina ya anaowachukia, ya pili sababu, ya tatu kitu gani chake kiliguswa, iwe ni fedha, heshima au usalama. Safu ya nne, iliyokuwa nyembamba kuliko zote kwa kuwa alidhani hatakuwa na mengi ya kujaza, ilikuwa ya sehemu yake mwenyewe katika jambo lile. Mstari wa kaka yake, aliyemshutumu kwa kuuza shamba la urithi, ulikuwa umejaa vizuri hadi safu ya tatu. Katika ya nne aliandika, kwa herufi zilizobanana, kwamba fedha za kulikomboa shamba hilo kaka alimkabidhi yeye, naye akazinywa. Alisema ilimchukua siku nyingi kuandika mstari huo mmoja. Hatua ya tano ni kuyasoma yote hayo mbele za Mungu na mbele ya mtu mwingine, na kuanzia ya nane hadi ya tisa mtu hutengeneza orodha ya aliowadhuru na kwenda kulipa au kupatana nao pale inapowezekana bila kuwaumiza zaidi. Seremala alimwendea kaka yake. Analipa kidogo kidogo kila mwezi kupitia simu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini programu inayohusu pombe ina hatua moja tu inayoitaja pombe kwa jina. Chupa ilikuwa sehemu ndogo ya kujitegemea kwake. Sehemu kubwa ilikuwa ile dhana kwamba yeye ndiye mwenye kuwapanga kaka, mke, wateja na Mungu pia ili mambo yaende anavyotaka, na kila walipokataa kupangika alikunywa.

Nia ya maisha yote inapoondolewa, kinachobaki ni siku moja. Wanachama husema "leo tu", na hawaoni aibu kulirudia neno hilo. Jioni moja baada ya mkutano kijana mmoja, dereva, alimwambia mdhamini wake, yaani mwanachama mkongwe anayemshika mkono mgeni katika hatua, kwamba Jumamosi angepitia klabuni aketi na wenzake akiwa na soda.

"Nataka kujipima, mzee. Nijue kama nimepona."

"Mwanangu," mzee alimjibu, "nguvu ulizopewa ni za kukaa mbali leo. Za kujipima hukupewa. Jumamosi ikifika utanipigia simu asubuhi, na tutaomba za Jumamosi."

Ni mafundisho ya mana jangwani, iliyooza mtu alipojaribu kuiweka akiba hadi kesho, na mzee yule aliyatoa akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

Jambo jingine ninalolisifu ni kwamba ushirika wenyewe unaishi yale unayowafundisha wanachama wake. Mwaka 1938 waasisi walimwendea tajiri John D. Rockefeller mdogo wakitarajia mamilioni ya kujengea hospitali na kulipia watumishi. Alivutiwa na kazi yao, lakini akatoa dola 5,000 tu, akiamini kwamba fedha nyingi zingeiharibu kazi yao. Katika kanuni 12 za vikundi, zilizopitishwa Cleveland mwaka 1950, imeandikwa kwamba kila kikundi kijitegemee kwa michango ya wanachama wake na kikatae ya watu wa nje. Mtu anaweza kuuliza kama huko nako si kujitegemea. Kwa kadiri nilivyoona, ni kinyume chake, kwa kuwa kikundi kisicho na mfadhili, jengo, mwanzilishi wa kuabudiwa wala akaunti nono hakina cha kushikilia zaidi ya kazi iliyo mbele yake.

Familia zisisahau kwamba nazo zina mahali pao. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa Bill, pamoja na mwenzake, ni mikutano ya jamaa na marafiki wa walevi. Mke wa mlevi mara nyingi ndiye mwenye kujitegemea kupita wote nyumbani: huficha fedha, hunusa pumzi, huwapigia simu waajiri kusema mume anaumwa malaria, huhesabu saa za usiku, na huamini kwamba akilegea kidogo tu nyumba itaanguka. Wapo wanaodhani kwamba kumwambia mama kama huyo aachilie ni kumwambia aache kupenda. Anachofundishwa kule ni kwamba hakuusababisha ulevi, hawezi kuutawala na hawezi kuuponya, kwa hiyo amwache mumewe mikononi mwa Mungu na kuyashika yaliyo yake: afya yake, watoto, ada za shule, na usalama wa mwili wake pale anapopigwa. Hili la mwisho nalisisitiza. Kumtumaini Mungu hakumlazimu mwanamke kubaki chini ya kipigo, na kiongozi yeyote wa dini anayesema hivyo apuuzwe.

Mpaka mkubwa wa huduma hii uko upande wa tiba. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupatwa na kutetemeka, kuona maono ya kutisha, degedege na hata kifo. Mikutano haina daktari wala kitanda. Aanzie hospitali, chini ya uangalizi, kama Wilson mwenyewe alivyoanza, na mikutano ifuate. Vivyo hivyo, anayetumia dawa alizoandikiwa kwa ajili ya msongo wa mawazo au ugonjwa mwingine wa akili asiziache kwa sababu mwanachama mwenye bidii amemwambia kwamba imani inatosha. Dawa nayo ni neema, na anayeikubali ameacha kujitegemea kwa njia nyingine.

Wanaotaka ushahidi wa kitabibu wapo, na ninauheshimu. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565 na kuonyesha kwamba katika tafiti zilizopimwa vizuri, asilimia 42 ya walioelekezwa kwenye programu ya hatua 12 walikuwa hawajanywa kabisa baada ya mwaka mmoja, wakilinganishwa na asilimia 35 ya waliopewa tiba nyingine kama vile ushauri nasaha. Si tofauti ya kushangaza, na tafiti nyingi zilifanywa Marekani, lakini kwa huduma isiyotoza ada ni matokeo mazuri. Zaidi ya nusu hawakufika huko, na familia zielezwe hilo kwa uaminifu.

Kuna kasoro ndogo ambazo hutofautiana kutoka kikundi hadi kikundi. Kiingereza hutawala mikutano mingi ya Nairobi, na mama aliyetoka kijijini na mwanawe anaweza kuketi saa nzima akiambulia nusu. Wanawake ni wachache, kwa kuwa aibu ya mwanamke mlevi ni nzito kuliko ya mwanamume, na binti asiyemwona mwanamke mwenzake katika mviringo huenda asirudi. Atafutiwe mkutano wenye wanawake, na mdhamini wake awe mwanamke, kama desturi nzuri ya ushirika inavyotaka. Katika kikundi kimoja nilimsikia mdhamini aliyekuwa akimwamulia mgeni wake hata mtu wa kuoa. Huyo mgeni alikuwa ameacha kujitegemea ili amtegemee mtu, na Yeremia 17 ina onyo kali kwa anayemfanya mwanadamu kuwa kinga yake. Dawa yake ni kubadilisha mdhamini, jambo linaloruhusiwa bila maelezo.

Ningewaelekeza huko kwanza wale walioapa mara nyingi na kuanguka mara zile zile, kwa sababu wao wako karibu na hatua ya kwanza kuliko wanavyodhani. Anayedhani bado ana uwezo wa kupunguza mwenyewe naye aende asikilize, ingawa huenda asisikie mengi. Kwa wasiojua pa kuanzia, nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo na hutoa ushauri na maelekezo ya mahali pa kupata matibabu. Kikundi cha kwanza kisipomfaa mtu, ajaribu cha pili kabla ya kuihukumu huduma nzima. Na siku ya kwanza asiondoke ukumbini bila nambari ya simu ya mwanachama mmoja, aipige usiku huo huo kabla ya kulala, hata kama hana la kusema zaidi ya kwamba amefika nyumbani.